Mwulize Mjomba: Bata mwenye miwani si wa watoto

Toleo lililopita nilitaja, kwa mistari miwili tu, kwamba kuna katuni za wapelelezi zilizotengenezwa kwa ajili ya watu wazima, na kwamba zinachekesha kuliko vichekesho vingi vya jukwaani. Sikutarajia mafuriko. Barua zimemiminika, nyingine za hasira. Nimechagua chache, nimezifupisha pale zilipozidi, na majina nimeyaacha nje kama wenyewe walivyoomba.

Mjomba, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Umoja. Likizo ya Agosti nilimpa kijana wangu wa gredi ya nne flashi aende kwa yule kijana wa muvi pale stejini, nikamwambia, "Mwambie akuwekee katuni." Alirudi nayo imejaa. Jioni niko jikoni nakata sukuma, nasikia mtu kwenye TV anatukana kama manamba aliyenyimwa nauli. Nikatoka na kisu mkononi. Kumbe ni bata! Bata mwenye miwani, amekaa ofisini, na mambo anayosema kuhusu wanawake siwezi kuyaandika hapa. Mtoto anacheka, sijui anacheka nini. Hiyo ni katuni gani? Niifute? Na huyo kijana wa muvi nimfanye nini?
Mama wa Watatu, Umoja

Marahaba, mama, na pole kwa mshtuko.

Huyo bata ni Duckman, mpelelezi wa kujitegemea wa Los Angeles. Kipindi chake kilionyeshwa Marekani kwenye chaneli ya USA Network kuanzia Machi 1994 hadi Septemba 1997, vipindi 70 kwa jumla. Aliyembuni ni mchoraji Everett Peck, ambaye alifariki mwaka 2022. Bata alianzia kwenye kitabu cha vibonzo, ndipo akahamia kwenye runinga. Sauti uliyoisikia ikimwaga matusi ni ya Jason Alexander, yule yule aliyekuwa George kwenye vichekesho vya runinga vya Seinfeld miaka hiyo hiyo. Hakikuwa kipindi cha watoto hata siku moja.

Kijana wa muvi usimfanye kitu. Namjua ingawa sijawahi kumwona. Ana laptopu yenye kibodi iliyofutika herufi, waya wa USB uliozungushiwa selotepu, na foda moja iliyoandikwa KATUNI. Mtoto akija na flashi, anaburuta foda nzima, anapokea pesa yake, anamwita anayefuata. Mimi mwenyewe nilikodisha kanda za video Buruburu enzi za deki, na rafu zilipangwa kwa mtindo huo huo: mapigano, za Kihindi, za mapenzi, za Yesu, katuni. Wateja ndio waliotaka hivyo. Hakuna aliyeingia akauliza katuni ni ya nani.

Na hata ungesoma majina ya waliotengeneza, usingepata onyo lolote. Kampuni iliyomchora Duckman, Klasky Csupo, ndiyo iliyotengeneza Rugrats, wale watoto wachanga wenye vichwa vikubwa ambao wanao wako huenda wanawapenda. Mkono ule ule, mistari ile ile iliyopindapinda, rangi zile zile za kuwasha macho. Kwa kutazama picha peke yake, mtoto wa miaka tisa hana sababu ya kushuku kitu.

Kwa hiyo acha picha. Kaa dakika tano za mwanzo usikilize watu wa kwenye katuni wanagombania nini. Duckman ni mjane. Mkewe, Beatrice, amefariki, na sasa nyumbani anaishi na shemeji yake Bernice, dada pacha wa marehemu, anayemdharau waziwazi mbele ya watoto. Kuna mama mkwe mzee asiyetamka neno, ambaye mchango wake nyumbani ni kutoa hewa chafu. Kuna Ajax, kijana mpole ambaye mambo humfikia akilini kwa kuchelewa. Kuna Charles na Mambo (ndiyo, anaitwa Mambo), vichwa viwili juu ya mwili mmoja, wenye akili kumzidi baba yao mara kumi. Bata anatoka asubuhi kwenda kutatua matatizo ya watu wengine kwa sababu ya kwake yamemshinda. Hiyo ni hadithi ya mtu aliyewahi kulipa karo na kugombana na shemeji. Mtoto hana pa kuishikia.

Sasa mwanao alicheka nini? Nakisia. Ofisini kwa Duckman kuna wasaidizi wawili, Fluffy na Uranus, vidubu laini vya rangi tamu, wapole kupita kiasi, wanaozungumza kwa heshima na adabu kuhusu kila jambo. Bata akikasirika anawararua, anawaponda, anawatupa, na baada ya muda mfupi wamerudi wazima na tabasamu lao. Mtoto anacheka kidubu kilichopondwa. Mtu mzima anacheka kwa sababu amewahi kukaa kwenye kikao cha ofisi na mtu wa namna hiyo. Wote wawili wanatazama kitu kimoja, na hapo ndipo mzazi anapopitiwa.

Sheria ipo, lakini ilitungwa kabla ya flashi. Bodi ya Kuainisha Filamu Kenya, KFCB, ina alama zake: GE ya kila mtu, PG ya mtoto akiwa na mzazi, kisha 16 na 18. Vituo vya runinga navyo vimewekewa saa: kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku, mambo ya watu wazima hayaruhusiwi. Flashi haina saa. Huko Marekani kwenyewe alama za umri kwenye vipindi vya TV zilianza Januari 1997, wakati bata alikuwa ametukana miaka karibu mitatu. Na nikuongeze hili, maana mara nyingi watu hukumbuka nusu yake: mwezi Juni 2017 KFCB ilipiga marufuku katuni sita, zikiwemo The Loud House, Hey Arnold! na Adventure Time. Zote sita zilikuwa za Nickelodeon na Cartoon Network, chaneli za watoto. Bodi ilikuwa inapekua kapu la watoto huku la watu wazima likiuzwa stejini limechanganywa na mengine.

Usiifute. Ihamishe. Watoto wakishalala tazama vipindi viwili, kisha niandikie kama hukucheka pale Bernice anapompasha.

Ndugu Mjomba. Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, Dagoretti. Nimekua nikimsoma Bwana Msa, mtu wa kukaa na kiko chake, akatazama, akafikiri, akasema neno moja na wote mkanyamaza. Mpelelezi ni akili. Sasa mnawasifia vijana wetu bata mjinga, mlevi wa maneno, asiyeweza kutatua hata kesi ya kuku aliyepotea. Hadithi ya upelelezi ambayo mpelelezi mwenyewe hajui kitu ina faida gani?
Mwalimu, Dagoretti

Mwalimu, heshima zako. Bwana Msa wa Muhammad Said Abdulla nami namheshimu. Mzimu wa Watu wa Kale ulichapishwa mwaka 1960 na bado unasomeka leo bila kutia aibu. Lakini umemtafuta Bwana Msa kwenye kiti kisicho chake. Yumo katika Duckman. Ni nguruwe.

Anaitwa Cornfed. Ni mshirika wa bata kazini, na ndiye anayejua kazi. Waandishi walimkata kwa kielelezo cha Joe Friday, yule askari wa Dragnet, tamthilia ya zamani ya polisi wa Marekani, aliyezungumza bila kupandisha wala kushusha sauti. Msikilize vizuri, ukiweza hata ufumbe macho. Bata anapayuka, anapanda juu ya meza, anaanza hotuba kuhusu ulimwengu wote ulivyoharibika. Nguruwe anasubiri. Kisha kwa sauti tambarare ya mtu anayesoma risiti anataja alichokiona: kitu hiki kilikuwa hapa, sasa hakipo, aliyekichukua ni fulani. Hakasiriki, hatabasamu, hajisifu. Halafu jina kwenye ofisi linabaki la bata. Mwalimu, wewe umefundisha miaka mingi. Usiniambie hujawahi kufanya kazi chini ya mwalimu mkuu wa namna hiyo.

Kwa hiyo akili haikuondolewa kwenye hadithi. Imehamishiwa pembeni, na pale katikati akawekwa mtu anayehitaji kupelelezwa yeye mwenyewe. Tazama alivyochorwa. Miwani ya Duckman ndiyo macho yake. Hakuna macho nyuma ya vioo. Vioo ndivyo vinavyopepesa, vinavyokunjamana akikasirika, vinavyolegea akihuzunika. Peck alimpa mpelelezi wake kifaa cha kuonea kilichoshonwa usoni, kisha akamfanya asione kitu. Sijaona mchoro mwingine wa mpelelezi unaosema mengi kwa mistari michache hivyo.

Kisha kuna meza ya kifungua kinywa. Kila asubuhi mjane huyu anakaa mkabala na uso wa mkewe aliyekufa, na uso huo unamtazama kwa chuki. Wale wanaosema katuni hii ni matusi matupu hawakukaa wakafikiria maana ya kumweka pacha wa marehemu ndani ya nyumba ile. Katika kipindi cha kwanza kabisa bata amezama kwenye majonzi kwa sababu hakuna anayemjali pale nyumbani. Habari zinakuja kwamba kuna mtu anataka kumuua. Anachangamka! Angalau kuna mtu anayemfikiria. Ni kichekesho cha kumwaga chai, na wakati huo huo ukikitazama tena unakuta si kichekesho hata kidogo.

Kesi zenyewe, nakubali, ni kamba ya kuanikia nguo. Wakati mwingine zinatatuliwa, wakati mwingine zinasahaulika katikati. Ukimfuata bata kwa ajili ya kesi utachoka kabla ya kipindi cha tatu.

Huu ndio mtindo wa jamii nzima ya katuni hizi, si wa bata peke yake. Mike Tyson Mysteries, iliyoonyeshwa na Adult Swim, jukwaa la Marekani la katuni za watu wazima, kuanzia 2014 hadi 2020, ina Mike Tyson mwenyewe, kwa sauti yake mwenyewe, akitatua mafumbo yanayoletwa na njiwa wa kubeba barua. Kikosi chake ni binti wa kulea, njiwa mlevi aliyekuwa binadamu kabla ya kulaaniwa, na mzuka wa Marquess of Queensberry, yule bwana wa Uingereza ambaye jina lake liko kwenye kanuni za ndondi za 1867. Ni dakika kama 11 tu, na mara nyingi fumbo hutelekezwa kabisa kwa sababu Tyson amevutiwa na kitu kingine. Njiwa huyo mlevi alisemewa na mchekeshaji Norm Macdonald, aliyefariki 2021, na kwa maoni yangu ndiye anayestahili kutazamwa. Archer nayo, ya Adam Reed, ilianza 2009 kama vichekesho vya majasusi, na msimu wa saba wahusika wote wakahamia Los Angeles wakafungua ofisi ya upelelezi wa kujitegemea. Msimu wa nane ukawarudisha hadi mwaka 1947, kofia, moshi na yote. Kote huko kosa ni lile lile: mtu anayechunguza maisha ya wengine kwa ujira huku ya kwake yakivuja.

Kuna ambayo sikuipenda, nayo ni Velma ya 2023, ambapo yule msichana mwenye miwani wa Scooby-Doo, katuni ya watoto ya mbwa na wapelelezi, alifanywa kuwa hadithi ya watu wazima, bila hata yule mbwa. Kila mhusika anajicheka kabla mtazamaji hajapata nafasi. Ukishamaliza kujicheka mwenyewe, mimi nibaki na nini?

Na usidhani natetea kila neno la bata. Mzaha wake kuhusu wanawake ni wa uvivu katika vipindi vingi. Waandishi humwadhibu kwa ajili yake, ni kweli, humdondoshea piano na kumnyima usingizi, lakini pale pale unahisi wamefurahia kuuandika kwanza. Hapo mama wa Umoja ana haki ya kisu chake.

Mjomba niaje. Nimemaliza Duckman yote wiki mbili, mpaka ile ya mwisho, harusi. Nimekaa nikingoja iendelee. Imeishia hapo kweli ama huyu jamaa wa muvi hakuniwekea yote?
Kijana wa Kayole

Jamaa wa muvi hana hatia kwa mara ya pili mwezi huu. Imeishia hapo. Kipindi cha mwisho kilionyeshwa tarehe 6 Septemba 1997: harusi nyingi kwa mpigo, watu wamevaa, na ghafla Beatrice, mke aliyedhaniwa amekufa, anaingia mzima, na inaelekea nguruwe alikuwa na habari. Yanatokea maandishi kwamba itaendelea. Chaneli haikuagiza msimu wa tano, na hadi leo haijaendelea.

Wengi wanasema ni ukatili. Mimi naona ni mwisho mzuri kuliko wowote ambao wangeandika kwa utulivu. Vipindi sabini mpelelezi huyu alikuwa na kesi moja ya kweli, ya kujua nini kilimpata mkewe, na hakuwahi kuichunguza kwa dhati kwa sababu alidhani anajua jibu. Cornfed, mwenye macho, alijua kitu akanyamaza. Rudia vipindi vya msimu wa kwanza ukiwa na hilo kichwani na umtazame nguruwe kila jina la Beatrice linapotajwa. Kwangu mimi vinakuwa vipindi vingine kabisa.

Mjomba, mimi ni fundi viatu hapa Gikomba. Kiingereza changu ni cha kuuzia tu. Nimeona bata, nikacheka sura, lakini maneno yananipita mbio. Kwa nini DJ Afro hatufanyii hii? Akitufanyia, banda letu litajaa.
Fundi, Gikomba

Fundi, hilo ni swali la maana kuliko unavyofikiri, na nimelizungusha kichwani nikiwa kwenye matatu.

DJ Afro, msimuliaji wetu wa filamu za kigeni kwa Kiswahili, anaweza kufanya mengi. Filamu ya mapigano ya Kichina anaigeuza ikawa ya Murang'a, majina yanabadilika, mhusika mbaya anapewa tabia za jirani yako, na banda zima linaanguka. Lakini tazama anaingilia wapi. Anaingia pale watu wanapopigana, wanapokimbia, wanapotazamana kwa hasira bila kusema. Filamu za mapigano zina mianya mirefu ya kimya, na kipaji chake kinaishi ndani ya mianya hiyo.

Duckman hana mwanya. Jason Alexander anasukuma sentensi tano kwenye pumzi moja, ya sita inaanza kabla ya tano kuisha, na nyuma yake kuna bango ukutani lenye mzaha wake, na Fluffy naye anasema kitu. Msimuliaji akifungua mdomo anazika mzaha mmoja ili atoe mwingine. Angelazimika kunyamazisha sauti ya bata kabisa na kuwa bata yeye mwenyewe, kwa dakika 22, bila kupumzika. Hiyo si kazi ya kusimulia tena, ni kuigiza, na inataka mtu wa pili wa kuwa nguruwe.

Kwa banda lenu ningeanza na Tyson. Ni fupi, Tyson mwenyewe huongea polepole, anakanyaga maneno, na kuna nafasi ya kupumua. Tena kila mtu Gikomba anamjua Tyson.

Hujambo Mjomba. Ninasomea uchoraji wa katuni katika chuo kimoja hapa mjini. Mimi na wenzangu wawili tunataka kutengeneza katuni ya mpelelezi ya watu wazima, ya Nairobi. Mhusika wetu ni korongo, wale wakubwa wa miti ya karibu na uwanja wa Nyayo. Ana ofisi River Road, ghorofa ya tatu, lifti imekufa. Tumeandika vipindi kumi. Mwalimu wetu anasema hatutapata mtu wa kulipia kwa sababu Wakenya wanajua katuni ni za watoto. Tuendelee ama tugeuze iwe ya watoto?
Mwanafunzi, Nairobi

Mpwa, sijambo. Korongo huyo nimempenda kabla sijamaliza sentensi. Ana upara, ana mfuko shingoni, anasimama juu ya mti wa mgunga siku nzima akitazama magari yakisongamana chini, na kila mwenye gari anamjua kwa uchafu anaoudondosha. Ni mpelelezi tayari. Anaona kila kitu na hakuna anayemtaka karibu.

Mwalimu wako ana nusu ya ukweli. The XYZ Show ilipoanza mwaka 2009, na mchoraji Gado nyuma yake, ilikuwa na vikaragosi vya mpira vya wanasiasa wetu, na sijasikia mzazi aliyedhani ni vya watoto. Watu walielewa kwa dakika moja, kwa sababu waliokuwa wakizungumza ni wakubwa wa nchi. Kwa hiyo Wakenya hawana shida ya kuelewa. Aliye na shida ni mwenye pesa, maana katuni za watoto huuzwa nchi nyingi kwa mara moja. Tinga Tinga Tales ilitengenezwa hapa hapa Nairobi na Homeboyz pamoja na kampuni ya Uingereza, ikaenda BBC mwaka 2010, vipindi 52. Kisa cha kwa nini tembo ana mkonga kinaeleweka kila mahali. Kisa cha korongo anayedaiwa kodi na ajenti wa River Road kinataka mnunuzi anayejua ajenti wa River Road.

Sasa hesabu. Sekunde moja ya picha ni fremu 24. Ukishikilia kila mchoro kwa fremu mbili, kama wengi wanavyofanya, unahitaji michoro 12 kwa sekunde. Kipindi cha dakika 22 ni michoro 15,840. Nyinyi ni watatu, na mna mitihani. Weka kando vipindi kumi. Tengenezeni kimoja cha dakika nne.

Na hata hicho msikichore upya kila mara. Watengenezaji wa Archer, kule Atlanta, walipiga picha za watu wa kawaida wa mjini kwao, wakachora wahusika kwa kuwafuata, kisha wakawajenga vipande vipande kwenye kompyuta kama vikaragosi: mkono huu, mdomo ule, jicho. Wahusika hawatembei sana. Wanasimama, wanazungumza, na mazungumzo yanabeba mzigo wote. Korongo ni bahati yenu hapo, maana ni ndege wa kusimama. Mpeni shingo inayogeuka na kope moja inayoshuka polepole, basi.

Rekodini sauti kabla ya kuchora kitu chochote. Tafuteni mtu mwenye kinywa, msimtafute kwenye chuo, mtafuteni stejini. Kaeni naye asome kurasa mbili. Kama nyinyi watatu hamkucheka mkiwa mmefumba macho, michoro haitawaokoa. Na lugha, tafadhali: someni jinsi DCI, polisi wetu wa upelelezi, wanavyosimulia mtandaoni habari ya mshukiwa aliyenaswa, zile sentensi zenye mbwembwe kuliko riwaya. Korongo wenu angeweza kuzungumza hivyo hivyo kuhusu sufuria iliyoibwa, kwa uzito ule ule, bila kutabasamu.

Jambo moja nimeona halimo kwenye barua yako. Umeniambia ofisi, ghorofa na lifti. Hujaniambia nyumbani kwake kuna nani. Korongo anarudi kwa nani jioni, juu ya mti upi, na huyo aliyemkuta pale anamwambia nini kuhusu pesa ya leo? Andikeni huyo kwanza. Kesi mtazipata kwenye gazeti lolote.

Msigeuze iwe ya watoto. Mkiigeuza, korongo atalazimika kuwa rafiki wa kila mtu, na mtakuwa mmempoteza.

Mjomba, kwa ufupi: nikitaka kipindi kimoja tu cha Duckman, nianze na kipi?
Msomaji, South B

Cha kwanza, I, Duckman, ndicho hicho cha mtu anayetaka kumuua. Na kama nyumba yenu ina kuta za mbao, vaa vidude vya masikioni.